Kupe Anayekula Umeme

Mkuu wa kituo aliilaza simu mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, kisha akaigeuza ili kioo kimwelekee Sajini.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Kupe hasemi uongo."

Kwenye kioo palikuwa na ramani ya mtaa, na juu ya ramani duara la buluu. Ndani ya duara mlikuwa na nyumba nne na kichochoro. Nyumba ya pili kutoka kushoto ilikuwa ya mlinzi wa chama cha akina mama washonaji, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli. Kufuli mwenyewe alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale mezani, nyuma ya nondo, amekaa sakafuni bila mkanda.

"Na mashine yenyewe iko wapi?" Sajini aliuliza.

"Tumepekua kwake. Hatujaiona."

"Vyumba vingapi?"

"Viwili. Ndivyo alivyo navyo."

"Mashine ya kudarizi ya sindano kumi na mbili, ya kubebwa na wanaume wanne, imepotea kwenye vyumba viwili. Mliangalia chini ya mto?"

Mkuu hakukasirika. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa na alishazoea. Yeye alikuwa mtu wa kumaliza mambo, Sajini mtu wa kuyaanza upya. Kituoni walimwita mama huyu Sajini Kwanini, kwanza kisogoni, baadaye usoni, na siku hizi hata barua za kikazi zilimjia kwa jina hilo.

"Hesabu na mimi," Mkuu alisema akikunja vidole. "Mlango wa nyuma wa karakana haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo. Funguo ziko mbili, mmoja wa mwenyekiti, mmoja wa Kufuli. Kupe, kile kidude cha kufuatilia walichokibandika kwenye mashine, anaonekana kwa Kufuli tangu Jumatatu. Saa nane mchana mzee anapanda gari la mahakamani. Leo Ijumaa. Akishasomewa shitaka, anaingia rumande. Unataka nini tena, malaika ashuke atie saini?"

"Sasa saa ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Basi nina saa nne na nusu."

"Za kufanyia nini?"

"Za kukuepusha na aibu, afande. Naichukua simu."

Kabla ya kutoka alichuchumaa mbele ya nondo, magoti yakalia yote mawili. Kufuli alinyanyua kichwa. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye masikio makubwa yaliyoonekana kama yameazimwa kwa mtu mnene.

"Mzee wangu, Jumapili, mashine ilipoibwa, ulikuwa zamu?"

"Kutwa, langoni. Sikwenda hata msalani bila kufunga minyororo."

"Uani kwa nyuma hukusikia kitu?"

"Hakuna. Mkokoteni wa pumba ulipita tu, kama kila siku."

"Mkokoteni wa pumba?"

"Wa yule mwenye kinu. Anapeleka pumba kwa wafugaji. Unalia gurudumu moja, hata ukiwa usingizini unaujua."

"Jumapili kinu kinasaga?"

Kufuli alifungua mdomo, akaufunga. Masikio yake yalisogea kidogo.

"Hakisagi," alisema.

"Ndiyo. Na mimi nilidhani hivyo."

"Mwanangu," mzee alisema, akashika nondo. "Nimelinda miaka ishirini na mmoja. Sijachukua hata kifungo. Lakini mtu akishaandikwa mwizi mahakamani, hata wakimwachia kesho yake, kila nyumba atakayoingia watahesabu vijiko akitoka. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Usile chakula cha humu, subiri cha nyumbani."

Karakana ya chama ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mengi. Akina mama kumi na wawili walikuwa kwenye vyerehani, na Sajini alipoingia vyerehani vyote vilipunguza mwendo, kwa sababu mshonaji anaweza kushona bila kutazama lakini hawezi kusikiliza umbea akiwa kwenye mwendo mkali. Mwishoni mwa chumba ilisimama mashine moja ya kudarizi, na ubavuni mwake pengo, na sakafuni penye pengo alama nne za miguu ya chuma.

Mama Mwenyekiti alimpokea akiwa ameshika daftari la shule lenye picha ya twiga.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kunirudishia simu?"

"Nimekuja kukuuliza. Hii simu inaonyesha mahali na saa ya mwisho kupe kuonekana, basi. Saa za nyuma hazikai. Mkuu wangu anasema ameonekana tangu Jumatatu. Nani aliziona hizo siku zote?"

"Mimi. Nilikuwa nafungua simu kila nikikohoa, na kifua changu unakijua. Nikiona, naandika. Mkuu wako nilimpa daftari, akasema yeye hafanyi kazi na madaftari ya watoto."

Sajini alilipokea kwa mikono miwili. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunzia ubaoni. Jumatatu: saa tatu na dakika kumi, yupo. Saa nne, yupo. Saa sita kasoro, yupo. Saa sita na robo, kimya. Saa nane, kimya. Saa tisa na dakika tano, yupo. Saa kumi na moja, kimya, mpaka asubuhi. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano ukurasa mzima uliandikwa kimya, kimya, kimya, na chini mwenyekiti alichora msalaba mdogo. Alhamisi kupe alifufuka saa tatu na nusu.

"Hapa katikati anaponyamaza, wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani wapita njia wamekwenda kula. Fundi alinieleza kuwa kupe hana macho wala ramani. Anapiga kelele tu kwa blututhi, na simu ya mtu anayepita karibu ikimsikia, inasema yenyewe iko wapi. Mtu asipopita, hakuna habari."

"Na Jumatano watu hawakupita kutwa nzima?"

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Hilo ndilo lililonifanya nichore msalaba."

"Huyo fundi yuko wapi?"

Fundi Waya hakuwa mbali, kwa sababu duka lake la redio lilikuwa ng'ambo ya barabara na tangu Jumatatu hakuwa na kazi nyingine ila kusimama mlangoni akipokea sifa. Alikuja na bisibisi sikioni. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kupongezwa mara moja, akakaa hapo hapo.

"Afande, shikamoo. Bila mimi chama hiki kingekuwa kinalia sasa hivi."

"Marahaba. Niambie ulichofanya, kana kwamba mimi sijui hata kuwasha taa."

"Kupe hawa walikuwa wawili, mmoja kila mashine, wamebandikwa chini ya meza. Ndani wana betri ya kidonge, kama ya saa. Betri inakaa mwaka, inakufa. Mwezi uliopita zote mbili zikafa."

"Nikatangaza kikaoni," mwenyekiti aliongeza. "Nikasema kupe wamekufa, na chama hakitakuwa kinazika betri kila mwaka."

"Mimi nikamfuata kesho yake," fundi alisema. "Nikamwambia mama, mnyama amekaa juu ya ng'ombe halafu anakufa njaa? Mashine ina umeme. Mtoe kupe chini ya meza, mtie ndani anyonye."

Vyerehani vilikuwa vimesimama kabisa.

"Kabla ya wizi, nani mwingine aliyejua kuwa wamefufuliwa?"

"Mimi na yeye," mwenyekiti alisema. "Tuliwafanyia Jumapili moja, milango imefungwa."

"Kwa nini hukuwaambia wenzako?"

"Siri ya watu kumi na wanne inaitwa tangazo, mwanangu."

Sajini aliandika jambo kwenye kitabu chake, akalipigia mstari. Kisha akasema, "Fungua hii iliyobaki. Nataka kumwona ndugu wa yule aliyeibwa."

Fundi alitoa skrubu sita na kuvua bamba la nyuma. Kupe alikuwa ameshikiliwa na gundi kwenye ukuta wa chuma, mdogo, mweupe, mdomo wazi. Mahali pa betri paliwekwa kidonge bandia, duara la plastiki lililokatwa kwenye mfuniko wa ndoo na kuvikwa bati pande zote mbili. Nyaya mbili zililehemiwa hapo, nyekundu na nyeusi, zikaenda kwenye kibao kidogo cha kijani.

"Ndani mashine inatembea na volti ishirini na nne," fundi alisema kwa sauti ya mwalimu. "Ukimpa kupe hizo, umemchoma. Anataka tatu. Hiki kibao kinashusha. Umeme wa kudumu, afande. Huyu hafi mpaka Kiyama."

"Mlize."

Sajini alimpa mwenyekiti simu, naye akabonyeza. Kupe akalia kama kifaranga. Akina mama wawili walipiga makofi, na fundi akainamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

"Vizuri. Sasa izime mashine."

"Niizime?"

"Kwa swichi yake, kama dada anavyoizima akienda nyumbani."

Fundi alibonyeza swichi. Taa ya mashine ikazimika.

"Mlize tena, mama."

Mwenyekiti akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama kengele ya mlango wa mtu unayemdai heshima. Kimya. Fundi Waya aliinama, akafuata waya mwekundu kwa kidole, akapita kibao cha kijani, akaendelea mpaka ulipoanzia. Shingo yake ilianza kung'aa kwa jasho.

"Ulichukua umeme baada ya swichi," Sajini alisema.

"Pale ndipo pana nafasi nzuri ya kulehemu..."

"Sikulaumu, nakuuliza tu."

"Baada ya swichi," fundi alikiri.

"Kumbe wa kudumu mpaka mtu aende nyumbani!" alisema mwenyekiti. "Na mimi nimekuitia makofi kikaoni Jumatatu!"

"Mwache, mama," Sajini alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. "Angekosea kidogo tu tungepotea. Amekosea vizuri. Angeunganisha ipasavyo, kupe angepiga kelele usiku na mchana na asingetuambia lolote zaidi ya mahali. Sasa ametupa na saa." Aligonga daftari la twiga. "Kupe anaongea mashine ikiwashwa tu. Kwa hiyo hii si orodha ya wapita njia. Ni saa za kazi. Mashine yenu haikufichwa popote. Inadarizi, saa tatu mpaka sita, tisa mpaka kumi na moja. Mwizi wetu ana nidhamu kuliko kituo chetu."

Mama mmoja alicheka, akaziba mdomo.

"Watu wangapi wanaweza kuiendesha?"

"Watatu," mwenyekiti alijibu. "Mimi, lakini macho yameniacha. Huyu hapa mwenye kitambaa cha kijani. Na Sindano."

"Sindano ni nani?"

"Binti yangu wa kuchagua. Kazi zote ngumu ni zake. Hayupo, amekwenda kumuuguza mama yake mdogo. Kila jioni ananipigia kuuliza kama mashine imepatikana, maskini, nami namjibu bado tu, ya kupe simwambii kwenye simu."

"Ameondoka lini?"

"Jumatatu asubuhi."

Sajini hakuandika. Alifunga kitabu. "Ufunguo wako unakaa wapi?"

"Shingoni. Hautoki." Mwenyekiti alishika kamba shingoni, na mkono ukabaki pale. "Uliwahi kutoka mara moja. Nilisahau miwani ofisini, nikamwomba..." Hakumaliza. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena bila kuwa imesafika. "Wewe mwanamke, unauliza vibaya."

"Najua. Twende wote. Utanihitaji kuitambua mashine, na mimi nitakuhitaji kwa mengine."

Mke wa Kufuli aliwafungulia mlango akiwa na chekeche mkononi na unga hadi kwenye viwiko. Aliwapokea bila kutabasamu lakini aliwapa viti.

"Mmekuja kupekua tena? Safari hii fanyeni na dari, wenzenu waliisahau."

"Hata mimi ningeanza na dari, mama," Sajini alisema, akatazama juu. Mabati na mbao. Hakukuwa na taa, wala waya, wala tundu la waya. Dirishani ilisimama taa ndogo ya jua, imeelekezwa nje kama mgonjwa anayeota jua. "Umeme hamna?"

"Nguzo ilitupita mwaka ule, ikaenda kwa mwenye kinu. Sisi haikutusalimia."

"Simu mnachaji wapi?"

"Huko huko kinuni."

Sajini alimgeukia mwenyekiti. "Ile mashine inaweza kutembea kwa taa hii?"

"Kwa hiyo? Haiwezi hata kupiga chafya."

"Basi polisi wanne walipekua chini ya kitanda, wakatoka, na hakuna aliyenyanyua shingo kutazama kama nyumba ina umeme."

Alitaka kusema zaidi lakini hakuweza, kwa sababu nje ya ukuta wa nyuma kitu kiliamka. Kilianza kwa kukoroma, kikapanda, kikawa ngurumo iliyotikisa vikombe kabatini. Mke wa Kufuli wala hakushtuka. Alipandisha sauti tu, kama mtu anayepandisha gauni akivuka dimbwi.

"KINU! Gunia likiisha anapumzika, halafu anaanza tena!"

"KINASAGA SAA NGAPI?"

"TATU MPAKA SITA! ANALALA! TISA MPAKA KUMI NA MOJA!"

"JUMATANO?"

"JUMATANO HAKUSAGA! ALIKUWA ANACHONGA MAWE! MAWE YAKIISHA MAKALI HUYAFUNGUA, ANAYACHONGA KUTWA KWA PATASI! NDIO MAANA UNGA WA JANA NI LAINI! LAKINI MCHAFU!"

"MCHAFU VIPI?"

Mama yule alimsogezea chekeche. Juu ya wavu, katikati ya makapi, vilibaki vipande vya nyuzi, vifupi kama kope. Vyekundu, na vingine vya dhahabu.

Mwenyekiti aliokota kimoja, akakisugua kati ya vidole viwili. Hakuhitaji miwani.

"Uzi wa kudarizi," alisema, na kinu kikameza sauti yake, lakini Sajini alisoma midomo. "Uzi wetu."

Mwenye kinu alikuwa mzee mweupe kwa unga toka kope hadi kucha, mkubwa, mchangamfu, na aliyeishi na ngurumo ile hadi akaamini kuwa dunia nzima inanong'ona. Wateja watano walikaa kwenye benchi na magunia yao. Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika arobaini. Nyuma ya kinu palikuwa na mlango wa mbao wenye kitasa kipya, na kutoka kwenye mita ya kinu waya mnene uliingia juu ya mlango huo.

"STOO HII YA NANI?" Sajini aliuliza sikioni mwake.

"NIMEPANGISHA! MAMA MMOJA MSTAARABU! ANASHONA MITO!"

"ANASHONA SAA NGAPI?"

"SIJUI! SIJAWAHI KUMSIKIA!" Alicheka mpaka unga ukamdondoka. "MPANGAJI MZURI! HANA KELELE!"

"JUMAPILI ALIAZIMA MKOKOTENI?"

"ALIHAMISHA VITU VYAKE, NA WACHUKUZI WANNE! KUNA UBAYA?"

Sajini alitoa simu, akaitazama. Duara la buluu, na chini yake maandishi: ameonekana sasa hivi. Akamwonyesha mwenyekiti. Kisha akamwinamia mzee tena.

"ZIMA KINU!"

"GUNIA LIKO KATIKATI!"

"LIACHE KATIKATI! ZIMA!"

Mzee alivuta mkono wa chuma. Ngurumo ikashuka, ikakoroma, ikafa. Wateja walitazamana. Vumbi la unga lilikuwa bado linaelea, na ndani ya utulivu ule, nyuma ya mlango wa mbao, sauti nyingine iliendelea peke yake, ya haraka, safi, kama mvua ya mawe kwenye bati: taka-taka-taka-taka-taka.

Iliendelea kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha mtu huko ndani akagundua kuwa anasikika. Swichi ikabonyezwa, sauti ikakatika.

"Lahaula," alisema mwenye kinu. "Mito ina mdomo?"

Sajini aligonga mara mbili. "Fungua, mama. Kinu hakitawaka tena mpaka ufungue, na watu hapa wana njaa."

Kitasa kilizunguka. Sindano alisimama mlangoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mkono wa ustadi na nyuzi nyekundu mabegani kama mtu aliyetoka kunyolewa na upinde wa mvua. Nyuma yake ilisimama mashine, na ukutani zilitundikwa nembo za shule, mamia, simba mwekundu chini ya taji la dhahabu. Dirisha dogo juu lilitazama kwenye pipa la unga.

Alimtazama Sajini kwanza. Kisha akamwona aliye nyuma yake.

"Mama," alisema.

"Mama yako mdogo anaendeleaje?" mwenyekiti aliuliza.

Macho ya Sindano yalikwenda kwenye simu mkononi mwa Sajini, kwenye duara la buluu. "Kupe walikufa," alisema. "Mlitangaza wenyewe. Nilimtafuta chini ya meza nimbandue, sikumkuta, nikajua mmemtupa."

"Nilitangaza," mwenyekiti alisema. "Wakafufuka."

"Sikuiba. Niliazima. Oda hii ni yangu, waliniomba mimi, nembo mia sita. Miaka kumi na mmoja mikono hii ndiyo mashine yenu, na kwenye kila cheti limeandikwa jina la chama."

"Ungeniomba, ningekupa."

"Ningekuomba, ungeitisha kikao."

Mwenyekiti alifumba macho kidogo. Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walijua.

"Ukaja hapa kwa sababu ya kelele," Sajini alisema.

"Mzee Kufuli kila asubuhi alikuwa anatuchekesha. Anasema kwake kinu kikianza hata ugomvi na mkewe wanaahirisha. Nikafikiri, huko hata nikidarizi mbingu hakuna atakayesikia."

"Na alipokamatwa jana, ulisikia?"

Sindano aligeuka kuutazama ukuta.

"Mkewe analia upande wa pili wa ukuta huu, dada. Ulimsikia?"

"Nilijua watamwachia. Hana hatia."

"Nani angemwachia, na wewe umekalia ushahidi na unabadilisha uzi?"

Sindano alikaa juu ya gunia. Akaanza kuokota nyuzi mabegani, moja moja, kana kwamba akizimaliza mambo yatakuwa nadhifu.

"Iwashe, mama," Sajini alimwambia mwenyekiti. Mwenyekiti alibonyeza swichi. Taa ikawaka, na Sajini aligusa simu. Ndani ya tumbo la mashine, kupe akalia. Wateja wote watano walikuwa wamejaa mlangoni, na Sajini aliwaandika majina yao mmoja mmoja, waliona nini, saa ngapi, kabla hajampigia Mkuu.

Saa saba na dakika arobaini gari la mahakamani lilikuwa limesimama kituoni, injini inanguruma. Mkuu alisoma maelezo ya Sindano kurasa zote tatu, akatazama picha ya mashine, akatazama picha ya dari isiyo na taa. Hiyo ya mwisho aliitazama muda mrefu.

"Ungenipigia mapema," alisema.

"Nilipiga saa sita. Ulisema unakula."

Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Alichukua ufunguo mwenyewe, akaenda mwenyewe, akafungua mwenyewe. Alimkabidhi mzee mkanda wake.

"Mzee, kulikuwa na makosa. Uko huru. Nenda nyumbani."

Kufuli alivaa mkanda, akatafuta tundu lake la siku zote, akaufunga. Kisha akarudi akakaa pale pale sakafuni.

"Siendi," alisema.

"Huendi vipi? Nimekuachia!"

"Umeniachia hapa, ambapo hakuna anayeniona. Jana mlinichukua saa nne asubuhi. Mlinipitisha katikati ya soko, polisi wawili huku, wawili huku, na wewe mbele. Wauza nyanya walisimama. Sasa nitoke mwenyewe kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyetoroka? Mlinichukua watano. Nirudisheni watano."

Mkuu aligeuka kumtafuta Sajini, na Sajini alikuwa ameanza kusoma tangazo la ukutani kuhusu mbwa wasio na chanjo.

"Kwanini," Mkuu aliita.

"Afande?"

"Hili linawezekana?"

"Sheria haikatazi polisi kutembea, afande."

Basi wakatoka. Wawili huku, wawili huku, Mkuu mbele na kofia yake, na Kufuli katikati, mikono nyuma, si kwa pingu bali kwa raha. Sajini alifuata nyuma kidogo. Soko lilikuwa limejaa. Minong'ono ilianza kwenye nyanya, ikaruka hadi kwenye vitunguu, ikawafikia wauza mitumba kabla ya msafara wenyewe. Muuza nyanya aliyesimama jana alisimama na leo.

"Mzee Kufuli! Wanakupeleka wapi tena?"

"Nyumbani!" alijibu kwa sauti ya mtu aliyeishi miaka mingi jirani na kinu. "Mashine imepatikana, na aliyeichukua si mimi! Muulize Mkuu, huyo hapo!"

Macho yote ya soko yakamgeukia Mkuu.

"Si yeye," Mkuu alisema, kwa sauti ndogo.

"Hawajasikia huko kwenye ndizi," Kufuli alimwambia.

"SI YEYE!" Mkuu alipaza sauti. "TULIKOSEA!"

Makofi yalianza mahali fulani upande wa ndizi. Mkuu, shingo nyekundu, alikaza hatua ili amalize sehemu iliyobaki, na askari wanne wakakaza naye. Kufuli hakukaza. Alisimama kabisa, akampa mkono muuza nyanya, akamuulizia watoto, mmoja mmoja kwa majina.

"Taratibu, afande," alisema bila kugeuka. "Jana tulikimbia mno. Wengine hawakuniona vizuri."